Roboti Hana Mama: Kisa cha Wimbo wa Roki wa Kisumu na Video Yake ya Mwaka 2069

Simu ililia mara 17. Hesabu hiyo hakuitunga mshairi. Ilikuwa kwenye simu ya mpiga ngoma wetu, kwenye orodha ya namba alizopiga, jina moja limejipanga kutoka juu hadi chini ya kioo. Ilikuwa Julai 2023, zile siku tatu za maandamano ya upinzani, tarehe 19 hadi 21, na aliyekuwa akipigiwa ni binamu yake, fundi wa simu mwenye kibanda hatua chache kutoka mtaa wa Kondele, Kisumu. Baada ya mara ya 17 simu ikazimika. Kesho yake familia ilimpata mochari, amepigwa risasi moja. Nani alifyatua, na kwa amri ya nani, hadi leo hakuna aliyemwambia mama yake.

Wimbo ninaouzungumzia hapa ulitoka kwenye orodha ile. Mimi si mwanamuziki. Ndimi niliyehariri video yake, kwa hiyo makosa mengi nitakayoyaeleza yana mkono wangu. Sitataja jina la wimbo, wala la bendi, wala la marehemu, kwa sababu mama yake aliomba hivyo. Ninaandika kwa kuwa vijana kadhaa wa Nakuru, Kakamega na hapa hapa Kisumu wameniuliza jinsi ya kutengeneza video ya aina hii, kisa cha leo kilichovishwa nguo za kesho, na kila mmoja huuliza kuhusu programu na taa. Bado hajatokea wa kuniuliza swali lililotutesa sisi karibu mwaka mzima: ukimsogeza muuaji hadi mwaka 2069 na kumgeuza mashine, umemfichua au umemsaidia kutoroka?

Nianze na wimbo, maana bila wimbo video haieleweki.

Roki si muziki wa kila siku Kisumu. Huu ni mji wa ohangla, benga na rumba, na kwa vijana ni mitindo ya Nairobi inayopigwa kwenye matatu na tuktuk. Bendi yetu ina watu wanne na hufanya mazoezi nyuma ya karakana ya seremala mtaa wa Manyatta, Jumapili, misumeno ikiwa imenyamaza. Mpiga gitaa alilelewa na babu aliyepiga nyatiti, na hilo ndilo linaloupa wimbo huu uti wa mgongo. Nyatiti ina nyuzi 8. Mpigaji huketi chini, na kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye ubao wa chombo, huku njuga za gara zikilia mguuni. Mtu mmoja ni nyuzi na ngoma kwa wakati mmoja. Basi kijana wetu akalegeza waya mnene wa gitaa kutoka noti ya E hadi D, akaupitisha kwenye kifaa kinachokwaruza sauti, akatafuta kifungu kifupi kinachozunguka bila kufika mwisho, kama vifungu vya babu yake vilivyokuwa vikizunguka.

Mpiga ngoma yeye alichukua oduong'o. Wimbo unaanza kwa kijiti kugonga ukingo wa ngoma: ko, ko, ko, polepole, mara 17, kabla ya bendi nzima kuingia kwa kishindo. Msikilizaji wa kwanza hudhani ni ile hesabu ya kuanzisha wimbo. Ikipita 4, ikapita 8, anaanza kusogeasogea kwenye kiti. Hajui anachohesabu, lakini mwili unajua kwamba jambo limechelewa. Mtu wa studio alitushauri tupunguze hadi 8, redio zisichoke. Mpiga ngoma aliweka vijiti chini akatoka nje, na suala hilo halikurudi tena.

Kiitikio ni neno moja: Pokea. Kwangu hapa ndipo wimbo ulipofaulu kuliko popote, na ni Kiswahili kilichofanya kazi. Ubeti wa kwanza ni wa simu, kwa hiyo pokea ni ombi la mtu aliyeshika simu sikioni. Ubeti wa pili uko mochari, na karani anaita jina. Pokea sasa ni kupokea mwili. Ubeti wa tatu uko nyumbani, hema limesimamishwa, wageni wanafika na rambirambi, na mama anaambiwa apokee. Sauti ni ile ile, gitaa ni lile lile, na kila mara neno linakuwa zito zaidi ya lilivyokuwa. Ningekuwa nafundisha utunzi wa mashairi ya nyimbo, ningeanzia hapo.

Kuna kipande cha katikati ambapo ala zote hunyamaza na mwimbaji hunong'ona miaka. Sitini na tisa. Saba. Kumi na saba. Ishirini na tatu. Mtu wa Kisumu hahitaji maelezo, ila kwa msomaji wa mbali: tarehe 25 Oktoba 1969 Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ile ambayo wazee mpaka leo wanaiita Russia. Yeye na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, walirushiana maneno hadharani, umati ukachemka, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wenyeji hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Uchaguzi wa 2007 ulizaa vurugu zilizoua watu 1,133 nchi nzima kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia. Agosti 2017 mtoto wa miezi 6 alijeruhiwa usiku katika operesheni ya polisi, nyumbani kwao Nyalenda, akafa. Kisha 2023.

Roki na vurugu za mitaani wamejuana tangu zamani. The Clash wa Uingereza walitoa santuri yao ya kwanza Machi 1977, baada ya wawili kati yao kujikuta katikati ya ghasia za karnivali ya Notting Hill, London, Agosti 1976. Mpiga gitaa wetu aliitaja sana bendi hiyo mwanzoni, mpaka mpiga ngoma alipomwambia kwamba wale waliimba kama watu waliokuwa ndani ya vumbi. "Mimi sikuwa ndani," alisema. "Mimi nilikuwa napiga simu." Tangu siku hiyo sauti ya wimbo ilibadilika. Hasira ilibaki, ile raha ya fujo ikatoka.

Wimbo ulikaa bila kutolewa kwa muda. Halafu ikaja Juni 2024, Muswada wa Fedha, vijana wakaingia barabarani nchi nzima, na tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni huku intaneti ikidorora. Kufikia Julai mosi Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa 39. Kilichokuwa kilio cha Kondele kikawa kilio cha kila kaunti. Tukasema sasa ni wakati wa video.

Wazo la kuipeleka mbele lilikuwa la mpiga gitaa, na hoja yake ilikuwa nzuri: 2069 ni miaka 100 tangu 1969. Tuulize Kisumu itakumbuka nini. Lakini niseme ukweli, hiyo haikuwa sababu pekee, wala haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ilikuwa woga. Ukiweka kofia za chuma na taa nyekundu, huwezi kuulizwa umemkusudia nani. Unasema ni hadithi tu ya miaka ijayo. Tulijidanganya kwamba siku za mbele ni pazia.

Tulitazama Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, kuhusu Afrika Mashariki ambako maji yamekwisha na watu wanakusanya hata jasho lao walisafishe walinywe. Ingetufundisha mapema kama tungekuwa na masikio. Ulimwengu mzima wa filamu ile unasimama juu ya tone la maji. Sisi tulitoka pale tukizungumzia milango na taa zake.

Maandalizi yalikuwa furaha tupu, na sioni haya kusema hivyo. Fundi wa jua kali pale Kibuye alitutengenezea kofia 6 za askari wa mashine kutoka madebe ya mafuta ya kupikia ya lita 20. Alipasua debe kwa mkasi wa bati, akakunja kingo mara mbili zisikate shingo, akaligonga juu ya kipande cha reli mpaka likapata mviringo wa kichwa. Ndani alibandika sponji ya godoro kuukuu. Mbele tukaweka kioo cheusi cha kofia ya bodaboda, na kuzunguka kioo utepe wa taa nyekundu uliounganishwa na betri ya pikipiki ya volti 12 iliyofungwa kiunoni. Mtu akivaa dakika kumi, jasho linamchuruzika kidevuni, sponji inaanza kunuka godoro, na anasikia pumzi zake mwenyewe tu. Mmoja wa waigizaji aliniambia kwamba ndani ya kofia ile huwezi kumsikia mtu anayekuomba kitu. Niliandika maneno hayo kwenye daftari, nikayasahau.

Sasa kosa la Kondele.

Ilikuwa Jumapili ya Januari 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chini ya daraja la juu. Tulitaka mwanga wa alfajiri na barabara tupu. Askari 6 wa debe walitakiwa kutokea nyuma ya nguzo, taa zinawaka, wakimbie kuelekea kamera. Hatukumwambia mtu wa mtaa. Hatukwenda kwa mzee wa nyumba kumi. Tulidhani asubuhi ile hapatakuwa na mtu.

Mama mmoja alikuwa amekwisha kufika, anapanga maandazi kwenye beseni, jiko limeshika moto, mtoto amelala kwenye leso kando yake. Aliinua kichwa akaona taa nyekundu zinatoka nyuma ya nguzo. Hakupiga kelele. Alichukua kikombe cha maji akamwagia jiko kwanza, ndipo akambeba mtoto na kukimbia. Katika mpangilio huo kuna elimu ya miaka mingi. Mtu ambaye hajawahi kukimbia angekimbia moja kwa moja. Aliyekwisha kukimbia anajua kwamba watu wengine watapita hapo gizani mwa moshi, na jiko lenye makaa likipinduliwa huwasha kibanda.

Tulimfuata, kofia mikononi, tukamkuta amejibana nyuma ya ukuta. Alipoona nyuso zetu za vijana wa kawaida alikaa chini. Tulimlipa maandazi yote, na pesa alizikataa mara mbili kabla ya kuzichukua. Alichosema ni hiki tu: "Mngesema. Mimi mwenyewe ningewaambia watu wote wa hapa."

Jambo la kutisha ni kwamba kamera ilikuwa inaendelea kurekodi. Nilikuwa na sekunde 4 za mama huyo: mkono na kikombe, mvuke ukipanda, mgongo wake. Kwa jicho la mhariri hakuna picha ya kweli zaidi ya hiyo katika yote tuliyopiga. Nilikaa nazo usiku mzima. Mwelekezi alitaka zitumike, uso haukuonekana, alisema. Nilizifuta, na nilifuta na nakala. Picha ya hofu tuliyoisababisha sisi wenyewe isingeweza kusimama kwenye wimbo unaolalamikia hofu. Kwa yeyote anayepanga kupiga video yenye mavazi ya askari katika mji uliojeruhiwa, hata kama mavazi ni ya madebe: nenda mtaani siku mbili kabla, zungumza na wenye vibanda, na kama kuna mmoja anayesema hapana, tafuta pengine.

Sisi tulihamia Dunga, tukaanza kwa kuzungumza na uongozi wa ufuo, na hakuna aliyekimbia.

Upande wa ufundi nitaupita haraka, ila kwa mambo mawili matatu ambayo yatamwokoa mtu muda. Tulitaka picha za kutoka angani, lakini uwanja wa ndege wa Kisumu uko karibu na jiji, na kanuni za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kibali kipatikane, kwa masharti makali karibu na viwanja vya ndege. Tukaachana nayo, tukapiga kutoka paa la jengo na kuijenga Kisumu ya 2069 kwenye Blender, programu isiyolipiwa. Kwa kukatia mandhari tulishona kitambaa cha kijani cha sare za shule. Pale Dunga ziwa lilikuwa limejaa magugu maji. Nilipoiambia kompyuta iondoe kijani, iliondoa kitambaa na magugu pamoja, mwigizaji akabaki ameelea hewani. Tulishona kingine cha buluu. Na jambo la umeme: kipande chetu kirefu kilikuwa sekunde 40, picha 24 kila sekunde, yaani picha 960. Kompyuta yangu ilichukua kama dakika 6 kuchora kila picha, jumla saa 96, siku nne usiku na mchana. Usiiagize itoe video moja nzima. Iagize itoe picha moja moja, ili stima ikipotea upoteze moja tu. Ilipotea mara nyingi.

Toleo la kwanza lilikamilika Machi 2025. Msichana wa 2069 anaokota simu ya zamani kwenye matope ya ziwa. Simu inalia. Askari wa mashine wanasikia, wanamfukuza mjini, umati unatoka nyumbani, unawazingira, mashine zinaanguka moja baada ya nyingine, taa zinazimika. Marafiki walioiona walipiga vigelegele. Tulipoipandisha YouTube kwa siri kuijaribu, mfumo ulitugundua tumetumia sekunde 6 za habari za runinga zenye mwenyewe, tukaziondoa. Tulidhani hilo ndilo tatizo pekee lililobaki.

Mwezi uliofuata, tarehe 10 Aprili, yakatokea ya Nakuru. Wasichana wa shule ya Butere, kutoka hapa hapa magharibi, walikuwa wamefika kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo uliowekwa katika nchi ya kubuni. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe. Walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, na siku hiyo gesi ya kutoa machozi ilirushwa kwenye eneo la tamasha. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa maneno yasiyo na kona. Tuliitazama habari ile karakanani, watu wanne na mimi, na hakuna aliyesema neno kwa muda. Pazia letu lilikuwa limepasuka. Kama nchi ya kubuni haikuwasitiri wasichana wa sekondari, mwaka wa kubuni ungetusitiri vipi sisi? Basi kama woga haukutupa chochote, 2069 ilikuwa ya nini?

Jibu tulilipata Mei, na hatukulipata sisi.

Mpiga ngoma alisema video haitoki kabla shangazi yake, mama wa marehemu, hajaiona. Tulikwenda kwake jioni. Aliondoa vitambaa mezani ili kompyuta ikae vizuri, akatuletea chai, akavaa miwani. Aliitazama yote bila kusema kitu. Akaomba irudiwe. Ilipofika mahali mashine zinaanguka na umati unashangilia, alinigeukia.

"Mwanangu, hawa wa chuma nani aliwazaa?"

Nikamwambia, "Ni roboti, mama. Wametengenezwa."

"Kwa hiyo hawana mama."

"Hawana."

Alivua miwani. "Wangu alipigwa na mtu ambaye ana mama. Na aliyemtuma huyo mtu, naye ana mama. Mnajua mimi hulala nikiwaza nini? Nawaza yule mama mwingine, kama anajua. Nyinyi mmewafuta wote. Mmenibakishia debe."

Nimehariri kazi za watu kwa miaka, na nimeambiwa mengi kuhusu kazi yangu, lakini sijawahi kuona kosa likionyeshwa kwa usahihi kama ule. Mashine haina aliyeiamuru. Ikianguka, kesi imekwisha, umati unakwenda nyumbani. Tulikuwa tumetengeneza dakika nne za picha ambamo hakuna binadamu wa kuulizwa. Na hapa Kisumu tulikuwa na mfano wa kinyume chake mkononi: katika uchunguzi wa kifo cha yule mtoto wa Nyalenda, Februari 2019, hakimu hakuishia kwa aliyeshika rungu asiyejulikana. Alisema makamanda waliosimamia operesheni ile wawajibike. Mahakama ilipanda ngazi. Video yetu ilikuwa imeng'oa ngazi yenyewe.

Tuliianza upya. Safari hii mwaka 2069 una mtu ndani yake. Mwanamume wa makamo anaingia kazini, anatundika koti, anaweka bakuli la chakula cha mchana dirishani, anabandika picha ya binti yake pembeni ya kioo. Kazi yake ni kuwaongoza askari wa mashine kutoka chumbani. Mashine tunaziona kwenye kioo chake tu, ndogo, kama michezo ya watoto. Sauti kutoka juu inamwambia "endelea," naye anaendelea, halafu anakula. Chumba kilikuwa duka la intaneti tuliloazimwa kwa siku mbili, na mwigizaji ni mwalimu ambaye hajawahi kuigiza. Mikono yake ilitetemeka alipobandika picha, na tukauacha mtetemo huo.

Sekunde 70 za picha za kompyuta ziliondolewa, pamoja na zile 40 zilizokula siku nne. Iliniuma, sitaficha.

Umati nao ulibadilika. Badala ya kushambulia mashine, wanakuja kwa tero buru, ule msafara wa Waluo wa kuifukuza mauti nje ya boma, watu wakikimbia na ng'ombe, ngao na nyimbo. Mzee mmoja tuliyemwendea alisita, kwa kuwa kwa desturi tero buru hufanyiwa mwanamume mzima mwenye mji wake, na marehemu alikuwa kijana. Alifikiri, akasema kwamba kama mauti imebadilisha umri wa watu inaowachukua, basi watu nao wanaweza kuifukuza kwa ajili ya vijana. Tuliwapanga wa bodaboda mahali pa ng'ombe, taa mbele, matawi kwenye usukani, kama wanavyosindikiza mazishi siku hizi. Ndicho kipande pekee cha video kinachonitoa machozi kila mara, na nadhani ni kwa sababu hakina chochote cha kubuni zaidi ya tarehe.

Kuhusu mwisho tulibishana sana. Katika toleo jipya, mashine inaokota simu ya marehemu na kuileta kwa yule mwanamume ikiwa kwenye mfuko wa plastiki, kama kielelezo. Wimbo unakwisha. Halafu, bila gitaa, zile ko, ko, ko za mwanzo zinarudi, 17, na kila pigo simu inawaka mezani. Mwelekezi alitaka apokee na asikie sauti ya binti yake mwenyewe. Wazo lenye akili. Tulimpigia mama. Akasema, "Msimfanye apokee. Hakuna aliyepokea."

Tulipanga kuitoa tarehe 25 Oktoba 2025. Tarehe 15 Raila Odinga akafariki India, tarehe 19 akazikwa Bondo, na Kisumu yote ikawa msiba. Video yenye msafara wa mazishi ingesomwa kama yake, tukaahirisha hadi Desemba. Mwenye ukumbi tuliokuwa tumelipia alitupigia siku moja kabla ya uzinduzi akasema ukumbi haupatikani, bila sababu. Tukarudi karakanani, tukafagia pumba za mbao, tukatundika shuka jeupe. Walikuja watu wasiozidi 60. Yule mama wa maandazi alikuja na beseni lake, tulimwalika.

Wimbo ulipokwisha na yale mapigo yakabaki peke yake, watu walikaa kimya. Ilipofika kama mara ya tisa, mtu wa nyuma akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemkumbusha mwenzake: "Pokea." Mwingine akasema. Kisha karakana nzima ikawa inamwambia yule mwanamume aliyeketi kwenye shuka, kwa sauti inayopanda, pokea, pokea, naye anaitazama simu na mikono yake iko magotini. Mama alikuwa kiti cha mbele. Alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya leso yake. Alipofika 17 alifunga kiganja.